Kompyuta ya Zamani Ofisini na Pasiwadi ya Kila Mtu

Wateja wetu wengi wamejifunza kulinda PIN. Ukisimama kwenye foleni ya wakala siku hizi utamwona mtu akigeuza bega kidogo, anafunika simu kwa kiganja, anabonyeza tarakimu zake nne, basi. Hata nyanya ambaye husomewa ujumbe wa simu na wajukuu anajua kwamba PIN haitajwi kwa sauti. Hilo limewaingia watu akilini na tunafurahi.

Sasa pita nyuma ya kaunta. Kwenye ofisi ya duka lilo hilo kuna kompyuta nyeusi, sanduku lake liko chini ya meza likikusanya vumbi, na ilinunuliwa ex-UK miaka kadhaa iliyopita. Ukiiwasha inafunguka yenyewe mpaka mwisho bila kuuliza wewe ni nani. Na kama inauliza, jibu limeandikwa kwenye karatasi ya manjano iliyobandikwa chini ya skrini. Ndani kuna kivinjari kinachokumbuka kila kitu: barua pepe ya biashara, iTax, na ule ukurasa wa malipo ambapo unaangalia taarifa ya till, unamrudishia mteja pesa aliyotuma kimakosa, na mwisho wa mwezi unalipa mishahara ya watu wote kwa mpigo mmoja.

Yaani simu yenye elfu tatu imefungwa kwa PIN, na kompyuta inayoweza kuhamisha laki tatu iko wazi.

Tukiwaambia wenye biashara jambo hili, wengi hujibu kwamba shida ni umri wa mashine, na kwamba mambo yakiwa mazuri watanunua nyingine. Sisi tunaona tofauti. Umri ni shida, tutaufikia. Lakini shida iliyo mbele yake ni kwamba watu wanne au watano wanaingia kwa jina moja na pasiwadi moja. Na mtu wa kwanza kuumia na mpango huo mara nyingi si mwenye biashara. Ni mfanyakazi mwaminifu.

Pesa ikipotea, nani alikuwa kwenye kiti?

Chukua mfano wa duka la vifaa vya ujenzi. Kuna mwenye duka, karani wa mauzo, kijana wa stoo, na msichana aliyekuja kufanya attachment kutoka chuoni. Wote wanaingia kwa akaunti moja inayoitwa "User". Ijumaa jioni, shilingi 18,400 zinarudishwa kwa nambari ya simu ambayo hakuna anayeijua. Jumatatu karani anafunga hesabu na kuona pengo.

Rekodi ya malipo inasema ukweli wote ilio nao: akaunti ya duka, saa kumi na moja na dakika arobaini na saba, kompyuta ya ofisi. Haina jina lingine la kutoa kwa sababu haikuwahi kupewa.

Kinachofuata kila aliyewahi kuajiriwa anakijua. Bosi anawaita ofisini. Kila mtu anaapa. Macho yanamwendea aliye mgeni zaidi, ama aliyeomba advance wiki iliyopita, ama yule ambaye kaka yake ana jina baya mtaani. Huo si uchunguzi, ni ramli. Mwishowe hasara inagawanywa kwa wafanyakazi watatu na kukatwa kwenye mishahara. Piga hesabu hapo: mwizi, kama ni mmoja wao, amelipa theluthi moja na amebaki na theluthi mbili. Wale wawili wengine wamelipa na hawakupata kitu, na jina lao limechafuka pia.

Sheria haikubaliani na mgawanyo huo. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au kukosa uaminifu kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Tazama maneno hayo vizuri. Ni uzembe wa mfanyakazi huyo, na ni mkataba wake yeye. Kijana wa stoo ambaye mkataba wake ni wa kupanga mabati haingii hapo kwa sababu tu alikuwa chumbani. Kifungu cha 41 nacho kinataka mfanyakazi aelezwe sababu, kwa lugha anayoielewa, na asikizwe kabla ya kufutwa kazi kwa utovu wa nidhamu.

Sasa mwajiri ambaye hawezi kuonyesha nani aliingia ataeleza nini? Na mfanyakazi asiye na hatia atajitetea kwa nini, wakati kila mtu ana ufunguo ule ule?

Ndiyo maana hatupendi kusikia kwamba kumpa kila mtu akaunti yake ni dalili ya kutoaminiana. "Sisi hapa ni kama familia," watu hutuambia. Sawa. Lakini ni familia hiyo hiyo inayovunjika Jumatatu asubuhi kwa sababu ya shilingi 18,400. Karani mwenye jina lake kwenye mashine anaweza kusema, "Mimi nilitoka saa kumi na moja kamili, angalieni." Mwenye kutumia "User" hana la kuonyesha. Kama wewe ni mfanyakazi na unasoma haya, usingoje bosi azinduke. Mwombe akaunti yako mwenyewe. Mwambie ni kwa faida yenu wote wawili, kwa sababu ni kweli.

Kwa njia, pasiwadi ya kompyuta ilizaliwa kwa sababu hii hii. Mapema miaka ya 1960, kwenye chuo cha MIT kule Marekani, kulikuwa na mfumo ulioitwa CTSS, chini ya Fernando Corbató, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja. Kila mmoja alikuwa na faili zake na saa zake alizogawiwa, kwa hivyo kila mmoja akapewa neno lake la siri. Na mwaka 1962 mtafiti mmoja, Allan Scherr, aliyetaka muda zaidi ya ule wake, aliomba faili ya maneno hayo ichapishwe kwenye karatasi, ikachapishwa, akajipatia muda wa wenzake. Zaidi ya miaka 60 baadaye, karatasi ingali ndiyo adui, ila sasa ni ya manjano na ina gundi.

"Lakini hii mashine ni ya kitambo, haiwezi"

Inaweza. Hata Windows XP ya mwaka 2001 ilikuwa na akaunti za watu tofauti. Kwenye Windows 7, ambayo bado tunaikuta kwenye maduka na ofisi nyingi ndogo, nenda Start, kisha "Control Panel", kisha "User Accounts", chagua kusimamia akaunti nyingine, halafu tengeneza mpya. Itakuuliza unataka aina gani. Chagua "Standard user" kwa kila mtu. Kwenye Windows 10 utapata kitu hicho hicho ndani ya "Settings", sehemu ya "Accounts". Haihitaji fundi, haihitaji bando, na haichukui hata dakika ishirini kwa watu wanne.

Hili neno "Standard" tunalisisitiza. Kompyuta nyingi za zamani zina akaunti moja tu na akaunti hiyo ni ya msimamizi, yaani ina ruhusa ya kufanya chochote: kuweka programu, kuzima antivirusi, kubadilisha pasiwadi za wengine. Akitokea mtu amebofya kiambatisho kibaya kwenye barua pepe akiwa ndani ya akaunti kama hiyo, programu mbaya inarithi ruhusa zote hizo. Akiwa ndani ya akaunti ya kawaida, mashine itauliza pasiwadi ya msimamizi kabla ya kukubali mambo mazito, na hapo mtu anapata nafasi ya kushtuka. Akaunti ya msimamizi iwe moja, iwe na pasiwadi yake, na isitumiwe kwa kazi za kila siku. Hata na bosi. Hasa na bosi, kwa sababu yeye ndiye anayetumiwa viambatisho vya "invoisi" kutoka kwa watu asiowajua.

Watu huuliza, na faili tunazotumia pamoja? Kuna folda ya "Public" ambayo kila akaunti inaiona. Wekeni orodha ya bei na nukuu za wateja humo. Ukurasa wa malipo na barua pepe vibaki kwa wanaohusika.

Jambo lingine linalotukera ni stima. Ikipotea na kurudi mara tatu kwa siku, watu huchoka kuandika pasiwadi, basi fundi anawapangia mashine ijiwashe na kuingia yenyewe. Tunaelewa kero hiyo. Lakini mashine inayoingia yenyewe haina mlango, na anayepita usiku, awe mlinzi, mfagiaji ama mgeni, anahitaji tu kubonyeza kitufe cha kuwasha. Ondoa mpango huo leo. Na ukiinuka kwenda kumhudumia mteja, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L. Skrini inafunga papo hapo na kazi yako iko pale pale ukirudi. Hii inafanya kazi kwenye XP, 7, 10 na 11, na ni bure kabisa, hata hatujui kwa nini watu hawafundishwi siku ya kwanza ya kazi.

Ufunguo wa kwanza na wa pili kwenye meza moja

Ukurasa wa malipo ya biashara kwa kawaida hauishii kwa pasiwadi. Unatumiwa nambari fupi kwa SMS, ndipo unaingia. Wengi hutegemea hiyo na kusema, hata mtu akijua pasiwadi, bila ile nambari atafanya nini?

Swali letu: ile SMS inaingia kwa simu gani? Mara nyingi ni simu ya duka. Na simu ya duka iko wapi? Iko kwenye chaji, kando ya kompyuta, na PIN ya kuifungua inajulikana na kila mtu kwa sababu lazima mtu apokee oda za wateja. Hapo kufuli mbili zimegeuka kuwa moja, na hiyo moja iko wazi. Mtu aliyekaa kwenye kiti kile kwa dakika tatu ana kila kitu anachohitaji.

Laini inayopokea nambari za kuidhinisha malipo iwe kwenye simu ya mtu mmoja anayejulikana, na itembee naye. Kama duka linahitaji simu ya kaunta kwa oda, iwe na laini nyingine. Na pale ambapo mfumo wa malipo unaruhusu watumiaji zaidi ya mmoja, mmoja aandae malipo na mwingine aidhinishe. Mifumo mingi ya biashara ina nafasi hiyo, ila wenye maduka huiacha kwa sababu siku ya kujisajili walikuwa na haraka. Kwa duka la watu wanne, sisi tunaona hiyo ndiyo nusu saa yenye faida kubwa zaidi utakayotumia mwaka huu.

Halafu kivinjari. Kinapokuuliza kama kihifadhi nenosiri, kwenye kompyuta ya pamoja jibu ni hapana. Ukiwa umekubali zamani, fungua mipangilio ya kivinjari, tafuta sehemu ya manenosiri, uone yaliyomo. Utashangaa: ya karani aliyeondoka, ya akaunti ya shule ya mtoto, ya benki. Na kama akaunti ya Windows haina pasiwadi, mtu yeyote aliyekaa hapo anaweza kuyatazama moja moja. Yafute yote yanayohusu pesa. WhatsApp iliyofunguliwa kwenye kompyuta nayo iangaliwe, maana picha za vitambulisho vya wateja na za stakabadhi za malipo zimejaa humo.

Pasiwadi ndefu, hata kama ni ya kuandika

Tuna maoni hapa ambayo huwashangaza watu kidogo. Zile sheria za kuchanganya herufi kubwa, nambari na alama, kisha kubadilisha kila mwezi, zimezaa "Duka2024!" na baada yake "Duka2025!". Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilibadilisha mwongozo wake mwaka 2017 na kusema watu wasilazimishwe kubadilisha nenosiri kila baada ya muda bila sababu, na kwamba urefu una maana kuliko alama za ajabu ajabu. Chagua maneno manne yasiyohusiana, kama vile kabati, mvua, ndizi na reli, uyaunganishe. (Hayo tumeyachapa hapa kwa hivyo yamekwisha kazi, tafuta yako.) Methali usitumie. Kila mtu anazijua, na mwizi wako amesoma shule ile ile.

Na ukiogopa kusahau, iandike kwenye daftari, ufungie daftari kwenye droo yenye kufuli au uende nayo nyumbani. Tunasema hivyo bila aibu. Pasiwadi ndefu iliyoandikwa na kufichwa ni afadhali kuliko "1234" iliyokaririwa na mtaa mzima. Kinachotuudhi ni ile karatasi ya kwenye skrini.

Mfanyakazi akiondoka, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo, kabla ya soda ya kuagana. Hata kama anaondoka kwa heri, hata kama ni mpwa wa bosi. Si kumtusi. Baada ya siku hiyo, jambo lolote likitokea, yeye pia atashukuru kwamba hakuwa na njia ya kuingia. Na kwenye duka la pasiwadi moja, kumbuka, kuondoka kwa mtu mmoja kunamaanisha kubadilisha kila kitu kwa watu wote, ndiyo maana hakuna anayefanya.

Fundi pia ni mgeni

Kompyuta za zamani zina fundi wao, na mafundi wengi ni watu wazuri wanaotuokolea pesa. Lakini fundi akishamaliza huacha alama. Wakati mwingine ni akaunti yake mwenyewe ya msimamizi "ya dharura". Wakati mwingine ni programu ya kufikia kompyuta kwa mbali, kama AnyDesk au TeamViewer. Hizo ni programu halali na zina kazi yake, ila zikipangwa ziingie bila mtu kukubali kwenye skrini, fundi, au yeyote aliyepata pasiwadi hiyo, anaweza kuingia saa nane usiku mkiwa mmelala. Baada ya kila matengenezo, angalia orodha ya akaunti na orodha ya programu. Usiyoitambua, uliza. Usipopata jibu la kueleweka, iondoe.

Na ile Windows ya bei ya maandazi iliyowekwa kwa programu ya kuvunja leseni? Programu hizo kwa kawaida hudai antivirusi izimwe kwanza. Jiulize mwenyewe kwa nini.

Mahali ambapo pasiwadi haifiki

Hatutaki mtu asome mpaka hapa afikiri kwamba akaunti nne na karatasi iliyochanwa vimemaliza kazi. Pasiwadi ya Windows inalinda mlango wa mbele tu. Kama diski haijasimbwa, mtu akiichomoa na kuiweka kwenye kompyuta nyingine, au akiwasha mashine yako kwa flashi yenye mfumo wake, anasoma faili bila kuulizwa chochote. Kwa hivyo sanduku lenyewe lisikae mahali ambapo mteja anaweza kulifikia, na orodha za wateja na nambari zao zisirundikwe humo miaka na miaka. Zile nambari zina wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzilinde, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue.

Kisha umri, tuliouahidi. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Kivinjari cha Chrome nacho kiliacha Windows 7 mwaka 2023, toleo la mwisho likiwa la 109. Maana yake kila tundu linalogunduliwa baada ya hapo linabaki wazi. Mei 2017 programu iliyoitwa WannaCry ilifunga faili za kompyuta katika nchi zaidi ya 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza, ikipitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba mwezi Machi. Walioumia ni ambao hawakuwa wamesasisha. Hakuna aliyehitaji pasiwadi zao.

Hatukwambii ukanunue mpya. Tunajua bei, na tunajua Windows 11 inadai chipu ya usalama na prosesa za karibuni ambazo mashine nyingi za ex-UK hazina. Tunachosema ni kugawa kazi. Mashine ya Windows 7 ichape barua, itoe risiti, ihesabu stoki. Malipo yafanyike kwenye simu iliyosasishwa, yenye PIN, ya mtu anayejulikana. Simu ya kawaida ya leo inayopata masasisho iko salama kuliko kompyuta iliyoachwa tangu 2020, hata kama kompyuta inaonekana ya kiofisi zaidi. Kama lazima malipo yafanywe kwenye kompyuta, na mashine bado ina nguvu, kuna Linux kama vile Mint, ni ya bure na inasasishwa. Hapo ndipo fundi mzuri anastahili pesa yake. Na saiba usiende kufanyia malipo ya biashara kabisa. Huko hujui hata ni nani alikaa kabla yako, wala kama kuna programu inayonasa kila herufi unayobonyeza.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa kwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote. Ni sheria kali. Lakini polisi watakuuliza nani, na ukisema "User", faili itakaa pale.

Ukiona muamala usioutambua

Usianze na kelele, na usianze na fundi. Chukua kifaa kingine, simu yako kwa mfano, ubadilishe pasiwadi ya akaunti ya malipo na ya barua pepe iliyounganishwa nayo. Tupigie simu kupitia nambari iliyo ndani ya app yetu, mara moja, kwa sababu pesa ambayo bado haijatolewa ina nafasi ya kuzuiwa na iliyokwisha kutolewa haina. Mhudumu wetu hatakuuliza PIN wala pasiwadi. Akikuuliza, huyo si wetu, kata simu.

Kisha chomoa waya wa intaneti, au zima Wi-Fi, na uiache kompyuta jinsi ilivyo. Mkono utakuwasha kumwita fundi aje aifomati "ili virusi viishe". Ngoja kwanza. Windows huweka kumbukumbu ya akaunti iliyoingia na saa iliyoingia, na kufomati kunafuta hayo yote. Andika kwenye karatasi nani alikuwa ofisini na saa ngapi, wakati watu bado wanakumbuka, kila mtu aandike yake mwenyewe na kutia sahihi. Nenda nayo kituo cha polisi pamoja na taarifa ya malipo, uchukue nambari ya OB, ndipo umruhusu fundi aguse mashine.